Injini inayopozwa kwa hewa kwenye ethanoli: pombe haiui, kiu ndiyo inayoua

Ukiinua silinda hedi unakuta tundu katikati ya kichwa cha pistoni, kingo zake zimelainika kama nta, na vitone vya alumini vimeganda kwenye ncha ya plagi. Mwenye kwadi, pikipiki ya magurudumu manne, amesimama pembeni na mshtakiwa keshampata: "Pombe inaunguza mno." Unafungua kabureta. Jeti kuu, kitundu kinachopima mafuta, imepandishwa namba mbili tatu, hadi injini ilipoacha kukohoa, basi ikaachwa hapo.

Ethanoli, ndiyo hiyo pombe, haina moto mkali kuliko petroli. Ikivukizwa, kilo moja hunyonya joto mara mbili na nusu ya petroli, na kwa kuwa inaingia nyingi zaidi kwa kila pumzi ya injini, upoaji wa hewa inayoingia unafika kama mara nne. Shida iko kwenye hesabu ya hewa. Petroli kilo moja inataka kilo 14.7 za hewa, ethanoli inataka kilo 9 tu. Kwa hiyo hewa ileile iliyojaa silindani inadai ethanoli zaidi ya nusu tena ya kile kilichokuwa petroli, ukipima kwa ujazo. Ukiacha kuongeza kabisa, injini itakataa, itapiga chafya na kukosa nguvu, na hapo angalau umeonywa. Hatari ni kuongeza kidogo. Injini inawaka vizuri, inaitika, inafurahisha, kumbe ukibana akselereta hadi mwisho mchanganyiko ni mkavu, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, na joto linapanda mahali usipoona.

Kwenye jeti kuna mtego mwingine. Mafuta hupita kwa eneo la tundu, si kwa kipenyo. Jeti ya milimita 1.50 ikitakiwa kupitisha nusu zaidi, haiendi 2.25, inaenda karibu 1.85. Jeti ya mwendo wa taratibu na sindano nazo zinabadilishwa, maana jeti kuu haina usemi mkubwa mpaka akselereta imefunguliwa karibu yote.

Halafu watu wanasahau koki ya tanki. Injini ya kilowati 30 kwenye ethanoli hunywa kama theluthi ya lita kwa dakika ikiwa imebanwa. Mafuta hayo yanashuka kwa uzito wake tu, kupitia koki nyembamba, mpira, na valvu ndogo ya boya. Kwenye mwendo mfupi bakuli la kabureta lina akiba, kwa hiyo kila kitu kinaonekana sawa. Kwenye mchanga au mlima mrefu bakuli linapungua kimyakimya, na jeti yako nzuri ya 1.85 inaanza kufyonza hewa. Kipimo hakihitaji mtambo: toa skrubu ya kumwagia chini ya bakuli, kinga chombo chenye alama, fungua koki, hesabu dakika moja. Acha boya lishuke lenyewe ili mafuta yapite valvuni kama kazini. Fanya hivyo tanki likiwa karibu kuisha, si likiwa limejaa, kwa sababu lililojaa linasukuma zaidi. Mwali wa ethanoli safi hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo usifanye kazi hii karibu na injini yenye moto.

"Ethanoli ina nguvu kuliko petroli." Hii ndiyo dhana inayouza vipuri. Kilo ya ethanoli ina takriban megajuli 27, ya petroli 43. Lakini ukigawa kwa hewa inayotumika, zote mbili zinatoa karibu megajuli 3 kwa kilo moja ya hewa. Injini inapumua hewa kwanza, mafuta yanafuata. Ukimwaga ethanoli kwenye injini ya kiwandani isiyobadilishwa, utapata nyongeza ndogo ya ule upoaji na bili kubwa ya mafuta. Faida ni ruhusa: oktani yake, yaani uwezo wa kutolipuka ovyo ikibanwa, kwa kipimo cha RON ni karibu 108, kwa hiyo unaweza kupandisha kompresheni, kiasi cha kubana mchanganyiko silindani, mahali ambapo petroli ya kawaida ingegonga. Hata hivyo, kutoka 9 kwa 1 hadi 13 kwa 1 nadharia inakupa kama asilimia 10 ya ufanisi. Anayesema kompresheni itarudisha ulaji wote wa mafuta hajapiga hesabu.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pistoni nayo si ya kuaminiwa kama Msahafu. Chukua Honda TRX400EX, inayopozwa kwa hewa, kipenyo milimita 85, mwendo milimita 70, yaani sentimita za ujazo 397. Kwa 9.1 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni kama 49. Kwa 13 kwa 1 ni 33. Tofauti ni 16, vijiko vitatu vya chai na tone. Gasketi nyembamba, hedi iliyokwanguliwa au silinda iliyotobolewa zaidi vinaila tofauti hiyo haraka. Ndiyo maana fundi makini hupima mwenyewe kwa bomba la sindano na oili, pistoni ikiwa juu kabisa, kisha hubandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, huzungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, na kukata udongo aone valvu zimebakiwa na nafasi gani. Mimi siamini injini ambayo haijapitia udongo huo.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa ethanoli inapoza, mapezi ya silinda sasa ni pambo. Upoaji ule uko kwenye hewa inayoingia. Nguvu ikiongezeka, joto linaloingia kwenye hedi linaongezeka pia, na ukitambaa kwenye matope hakuna upepo wa kulibeba. Tope lililokauka katikati ya mapezi ni blanketi. Kipoza oili hakiepukiki kwenye ujenzi wa namna hii. Tena ethanoli, pamoja na oktani yake yote, ni nyepesi kuwashwa na sehemu yenye joto kali kabla cheche haijaruka: ukingo mkali kwenye hedi, uzi wa plagi uliochomoza. Laini kingo hizo, tumia plagi ya baridi zaidi, inayotoa joto haraka.

Kusoma rangi ya plagi? Sahau. Ethanoli haiachi masizi ya maana, plagi ni nyeupe hata mafuta yakiwa mengi. Tumia sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, usome lambda, yaani hewa iliyopo ukilinganisha na inayotakiwa.

Taimingi ya cheche haiendi mbele ovyo kwa sababu eti pombe inawaka polepole. Haiwaki polepole, na kompresheni kubwa huharakisha moto.

Kwamba ethanoli itakula injini nzima ndani ya wiki, hiyo ni nusu kweli. Inakula mipira isiyofaa, magnesi, na alumini ikikaa na maji. Lakini Brazili iliuza Fiat 147 ya ethanoli mwaka 1979, na mwaka 2009 Honda ikatoa huko CG 150 Titan Mix, pikipiki inayopozwa kwa hewa, ya petroli na ethanoli. Vifaa vilichaguliwa kwa kazi hiyo. Wewe badilisha mipira na sili, na usiache ethanoli kwenye kabureta gari likilala.

Chini ya nyuzi 13 hivi ethanoli safi haitoi mvuke wa kutosha na injini haiwaki. Petroli iliyomo kwenye E85, mchanganyiko wa ethanoli hadi asilimia 85 na petroli, ipo pia kwa ajili hiyo. Ukilazimisha kuwasha mara nyingi, mafuta yanayoosha ukuta wa silinda yanashuka kwenye oili. Vuta stiki ya oili uitazame. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, mwaga.