Nyumba ya mnara ya Ireland, na nyumba ya shamba iliyoegemea ubavuni mwake

Mtu akisafiri mashambani katika kaunti za Limerick, Tipperary, Cork au Galway nchini Ireland, hakosi kuona mnara wa mawe wa ghorofa nne au tano umesimama katikati ya malisho ya ng'ombe, na ubavuni mwake nyumba fupi yenye paa la vigae na dohani. Wageni huupiga picha mnara, nyumba wakaipa kisogo. Kwetu sisi tunaochunguza majengo ya kale, hapo wameacha nusu ya habari.

Mnara huo ulikuwa makazi ya mwenye ardhi: mtu mwenye ng'ombe, wapangaji, na majirani wasioaminika. Alichokiogopa zaidi ni uvamizi wa ghafla na wizi wa mifugo. Mwaka 1429, chini ya Mfalme Henry VI wa Uingereza, ilipitishwa sheria ya kumpa ruzuku ya pauni 10 kila raia mtiifu atakayejenga mnara katika kaunti za Dublin, Meath, Kildare na Louth. Masharti yalikuwa urefu wa futi 20, upana futi 16 na kimo futi 40, yaani kama mita 6 kwa 5 kwa 12. Sheria hii hutajwa kila mahali, na kwa maoni yangu inapewa sifa kupita kiasi. Minara mingi zaidi iko kusini na magharibi, mbali na kaunti hizo, na koo za Kigaeli, yaani za wenyeji wa asili wa Ireland, kama MacCarthy na O'Flaherty zilijenga yao bila kungoja pauni za mfalme.

Tuingie ndani. Kwa kawaida mlango ni mmoja tu, chini. Ukivuka kizingiti unajikuta kwenye kijichumba chembamba, na juu ya kichwa chako kuna tundu la mraba darini. Aliye ghorofani anakuona vizuri. Akikushuku, anakuangushia jiwe. Kutoka hapo mlango mmoja unakwenda ghalani, mwingine kwenye ngazi, na mara nyingi wa tatu kwenye chumba cha mlinzi.

Ghala lina giza, maana madirisha yake ni mianya ya kupitisha mshale. Washa tochi uelekeze juu. Dari ni tao la mawe, na kwenye chokaa iliyokauka utaona alama za fito zilizosukwa, ufito juu ya ufito, wazi kana kwamba mafundi wameondoka jana. Waashi walisimamisha fremu ya mbao, wakatandika juu yake mikeka ya fito, wakamwaga chokaa, kisha wakapanga mawe. Tao lilipokaza, fremu iliondolewa na alama za mikeka zikabaki. Kuna mahali ambapo vipande vya fito zenyewe bado vimenasa. Tao hilo lilikuwa na kazi mbili: kuzifunga kuta zisifunguke, na kuzuia moto wa ghalani usipande juu.

Ngazi ni ya mawe, imejizungusha ndani ya unene wa ukuta. Watembeza wageni hupenda kusema imezungushwa kuelekea kulia ili adui anayepanda akose nafasi ya kuzungusha upanga. Simulizi tamu, ila ngazi zinazozunguka upande wa pili zipo pia, na mara nyingi fundi alifuata tu mahali mlango ulipokaa. Ukumbi mkubwa uko juu, kwa sababu huko ukuta unaweza kutobolewa madirisha mapana bila hofu. Choo ni kijichumba ndani ya ukuta, chenye mfereji unaoshuka hadi nje.

Mnara haukuwa peke yake. Ulizungukwa na boma la mawe, mifugo ikilala ndani, pamoja na majiko na kumbi za miti na nyasi ambazo zimeoza zamani. Kwa hiyo upweke tunaouona leo unatudanganya.

Karne ya 17 ilibadili mambo. Mizinga ya majeshi ya Cromwell, jemadari wa Uingereza, yaliyofika mwaka 1649, ilionyesha kwamba ukuta mrefu ni shabaha rahisi. Amani iliporudi, watu walitaka mwanga, meko yenye dohani na vyumba visivyodai kupanda ngazi. Wengi waliacha minara ikaanguka. Wengine walijenga nyumba ya shamba ikiegemea mnara uleule, wakiokoa gharama ya ukuta mmoja.

Tazama pale kuta mbili zinapokutana. Kama mawe hayakuumana, na kuna mstari ulionyooka toka chini hadi juu, jua zimejengwa nyakati tofauti. Ukuta wa mnara hutanuka kwenye kitako. Wa nyumba umesimama wima na ni mwembamba zaidi. Ndani utakuta mlango uliotobolewa kwenye ukuta wa mnara, wakati mwingine kwa kupanua mwanya wa mshale. Mnara wenyewe ukageuzwa stoo ya viazi, au chumba cha kulala.

Thoor Ballylee, karibu na Gort huko Galway, ni mfano unaojulikana. Mnara ulijengwa na ukoo wa de Burgo, na una nyumba ndogo ubavuni. Mshairi W. B. Yeats aliununua kwa pauni 35 mwaka 1917 na familia yake ikautumia majira ya joto. Mto unapita chini ya madirisha, na umeufurika mara kadhaa, hata mnara ukalazimika kufungwa kwa miaka.

Adui mkubwa wa majengo haya sasa ni saruji. Ukuta wa chokaa hunyonya maji ya mvua na kuyatoa tena. Ukizibwa kwa saruji, maji hubaki ndani na mawe huanza kumeguka. Waliokarabati nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu wanaijua hasara hiyo. Kwenye nyumba ya mnara, mshono wa kuta mbili ndio wa kuangalia kwanza, kwa sababu kuta hizo hazitulii sawasawa: saruji ngumu hupasuka hapo, maji yakapenya. Mshono huo uzibwe kwa chokaa laini, na mfereji wa paa usafishwe kabla ya mvua.