Je, wajua? Mwenyekiti wa wazazi si mkubwa wa prefe

Kwa miaka mingi nilisadiki kwamba mwenyekiti wa komite ya wazazi ndiye mkubwa wa shule. Hapa Bukavu, Kongo, akiingia mkutanoni, prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, husimama kumsogezea kiti cha mbele. Nani asingedhani hivyo? Nilidhani tena kwamba analipwa.

Hilo la malipo tulimalize upesi: hapati hata faranga. Ni mzazi au mlezi mwenye mtoto katika shule hiyo, aliyechaguliwa na wazazi wenzake katika mkutano mkuu.

Kosa tamu ni lile la kwanza. Kuna vyombo viwili tunavyovichanganya. COPA ni komite ya wazazi peke yao. COGES ni baraza la usimamizi linalojadili matumizi ya shule, na anayeliongoza ni mkuu wa shule mwenyewe: prefe kwenye sekondari, direktere kwenye msingi. Wawakilishi wa walimu wamo, na mwenyekiti wa COPA anaketi humo kama mjumbe. Yaani yule niliyemdhani bosi anaomba ruhusa ya kusema kwa mtu niliyemdhani mfanyakazi wake. Uingereza ningekuwa karibu na ukweli: kule mtu hujitolea kwenye bodi ya shule hata bila kuwa na mtoto hapo, na kwenye shule nyingi za umma bodi hiyo ndiyo humteua mkuu. Nilikosea nchi tu.

Basi mzazi anafanya nini humo? Fikiria sanduku la AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopa vya mama zetu. Lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Mwenye ufunguo mmoja hachoti pesa akitaka. Lakini siku ya kufungua lazima awepo, na akiwepo anaona kilichomo, anasikia zikihesabiwa, anarudi kuwaeleza wenzake. Ndiyo kazi ya mzazi ndani ya COGES, angalau kwenye karatasi. Sanduku la shule halina kufuli la chuma, kwa hiyo mzazi anayetia saini hesabu bila kuzisoma ameuacha ufunguo mlangoni.

Na kile kiti cha mbele? Nadhani kinatoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipodidimia na wazazi wakaanza kuchanga "prime", nyongeza ya kuwalipa walimu, ili masomo yasifungwe. Anayelisha hukaribishwa. Mwaka 2019 shule za msingi za umma zilitangazwa kuwa za bure, pamoja na zile za makanisa zilizo chini ya mkataba wa 1977 kati ya makanisa na serikali. Sekondari bado tunalipa. Ajabu, hata kwenye msingi kiti hakikurudishwa nyuma.

Ukikitaka, nenda kwenye mkutano mkuu wa wazazi. Uliza swali moja la hesabu, kwa sauti. Mara nyingi hilo latosha jina lako lipendekezwe, hasa na wale wasiotaka lao litajwe.