Mionzi ya eksirei haibaki mwilini
Ujumbe huu umezunguka kwenye magrupu ya kuchati kwa miaka: ukipigwa eksirei, mionzi inabaki mwilini, kwa hiyo unywe maziwa mengi kuitoa. Wanaoutuma wana nia njema, lakini si kweli.

Eksirei ni ya jamii moja na mwanga. Ukizima taa usiku, mwanga haubaki umejificha ukutani. Mashine nayo hutoa mionzi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Umeme ukikatwa, inakoma papo hapo. Maziwa hayana cha kutoa.

Hofu hii ina chanzo. Eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895, madhara yake hayakujulikana. Picha moja iliweza kuchukua dakika nyingi, na baadhi ya wapigaji wa mwanzo waliungua mikono, hata wakapata saratani. Tena kipo kipimo kingine ambacho mgonjwa huchomwa dawa yenye mionzi; hiyo kweli hukaa mwilini kwa muda, na watu huchanganya viwili hivi. Mtaalamu naye hujikinga nyuma ya ukuta kwa sababu hupiga picha nyingi kila siku.

Hatari ndogo ipo, ndiyo maana eksirei hupigwa kwa sababu maalumu, na mjamzito husema mapema. Ukitaka kuhakikisha, muulize mpiga picha mwenyewe, au fungua kitabu cha fizikia cha sekondari chenye mada ya eksirei. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze: kuna mgonjwa anayeweza kukataa kipimo anachokihitaji kwa sababu yake.