Diklofenaki: Soma Maandishi Madogo Kwenye Pakiti

Mama mmoja anayesumbuliwa na magoti alinimwagia mezani dawa zote alizokuwa akitumia. Kulikuwa na pakiti mbili, ya bluu na nyekundu, kila moja na jina lake kubwa la kibiashara. Chini, kwa herufi ndogo, zote ziliandikwa kitu kimoja: diklofenaki, miligramu 50. Hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu. Alikuwa akimeza zote mbili, kutwa mara tatu. Hizo ni miligramu 300 kwa siku, na mtu mzima hapaswi kuzidisha 150.

Diklofenaki, sawa na ibuprofeni, huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, uvimbe na homa. Lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi na kusaidia figo kupata damu ya kutosha. Dawa haichagui. Goti likitulia, tumbo nalo limevuliwa kinga. Ndiyo maana hata anayechomwa sindano ili kulinusuru tumbo hajasalimika, kwa kuwa dawa huzunguka na damu. Kumeza baada ya kula hupunguza kichefuchefu, ila si kinga ya vidonda.

Tumia dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au moyo, au aliyewahi kubanwa kifua baada ya kumeza aspirini, aonane na daktari kwanza. Mjamzito vilevile, hasa kuanzia wiki ya 20, kwani figo za mtoto tumboni zinaweza kudhurika.

Ninaowahofia zaidi ni wazee wenye presha. Anayetumia dawa ya presha kama enalaprili au losatani pamoja na kidonge cha kukojoza, akiongeza na diklofenaki, figo zake zinabanwa pande tatu. Zinaweza kufeli bila yeye kuhisi maumivu yoyote, na akiharisha au kutapika hatari huongezeka.

Choo kikiwa cheusi kama lami, ukitapika damu, au mkojo ukipungua ghafla, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Beba na pakiti.

Yule mama alipimwa figo, pakiti zote mbili zikawekwa kando. Sasa anapaka jeli ya diklofenaki gotini. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana.