Maswali na majibu: Je, mtoto acheze na waliomzidi umri?

Mwanangu ana miaka 13 na yuko Kidato cha Kwanza. Kocha anamtaka katika timu ya shule ya kandanda itakayoshiriki UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Nianzie wapi kuamua?

Anzia kwenye mwili wake, kwa sababu kipaji kocha amekwisha kukiona, ilhali mwili huenda hakuna aliyeupima. Watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana kwa miaka kadhaa katika ukuaji, hata mmoja akawa na mifupa na misuli ya kijana wa miaka 15 huku mwenzake akifanana bado na mtoto wa miaka 11. Kwa wasichana wengi kasi ya kurefuka hufikia kilele wakiwa na miaka 12 hivi, na kwa wavulana miaka 14 hivi. Timu ya shule inayochanganya Kidato cha Kwanza na cha Sita humweka mtoto ambaye sauti yake haijawa nzito pamoja na mtu mwenye ndevu, na wanaporuka kugombea mpira wa juu, tarehe iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa haimkingi yeyote. (Vyeti vyenyewe si vya kuaminika siku zote: tangu 2009 FIFA huwapiga wachezaji wa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 picha za MRI za kifundo cha mkono ili kuona mifupa yao imekomaa kiasi gani.)

Nitajuaje kwamba yuko katika kipindi cha kurefuka kwa kasi?

Msimamishe bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, weka kitabu kigumu bapa juu ya kichwa, kisha chora mstari mdogo kwa penseli na uandike tarehe. Rudia baada ya miezi mitatu. Akiwa ameongezeka sentimita 2 au zaidi, huenda yumo katika kipindi hicho. Mifupa hutangulia kurefuka, misuli na kano zikafuata baadaye, kwa hiyo hubaki zimevutika; mtoto aliyekuwa akituliza mpira vizuri huanza kujikwaa, na kocha asiyelijua jambo hili humwita mvivu. Kwa maoni yangu, huo ndio wakati usiofaa kabisa kumpandisha. Kwa msichana, usisubiri avunje ungo ndipo uanze kupima, kwani kwa kawaida hilo hutokea baada ya kilele cha kurefuka kupita.

Analalamika goti, nami nimeambiwa ni maumivu ya kukua tu.

Maumivu ya kukua yanayojulikana kwa jina hilo huja jioni au usiku, aghalabu miguu yote miwili, na asubuhi mtoto huamka akikimbia. Maumivu yanayoamshwa na mpira ni jambo jingine. Mkalishe kitini goti likiwa limekunjwa, teremsha kidole gumba kutoka kwenye pia ya goti kufuata ile kano nene, mpaka ufike kwenye kinundu kilicho juu ya mfupa wa muundi. Akishtuka unapobonyeza hapo, huenda kano hiyo inavuta sehemu ya mfupa ambayo bado ni gegedu laini la ukuaji. Nyuma ya kisigino hutokea hali kama hiyo. Si hali ya kutisha, na wengi hupona mfupa ukishakomaa, lakini dawa yake kubwa ni kupunguza mazoezi, na kuhamia timu ya wakubwa kwa kawaida huyaongeza.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja iwapo goti limevimba, hawezi kukanyagia mguu, maumivu ya upande mmoja yanamwamsha usiku, au anachechemea kwa maumivu ya nyonga au kinena. Nyonga inayougua inaweza kumfanya mtoto aseme linalouma ni goti, basi mwambie daktari aziangalie zote mbili.

Kama mwili unaruhusu, hatari iko wapi?

Iko kwenye ratiba. Mara nyingi mtoto hahamishwi, bali huongezewa. Jumatatu na Jumatano anafanya mazoezi na timu ya shule, Jumanne na Alhamisi na akademi, Jumamosi ana mechi, na Jumapili vijana wa mtaani wanakuja kumwita kwenye ndondo, kila kocha akiamini kwamba wake ni mzigo mdogo. Keti naye, hesabuni saa zote za wiki. Kipimo rahisi wanachokitumia wataalamu wengi ni kwamba saa za michezo iliyopangwa zisizidi miaka yake, yaani mtoto wa miaka 13 asivuke saa 13, na apate angalau siku moja nzima bila mazoezi. Mimi ningehesabu pia mwendo wa kwenda shule kwa miguu, kwani miguu ni ileile.

Mtoto wa miaka 13 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, jambo gumu kwa anayeamka alfajiri kuwahi shule na kurudi mazoezini magharibi. Anayeingia mazoezini na chai kavu ya asubuhi peke yake hana cha kujengea misuli wala mifupa. Msichana aliyekuwa akipata hedhi ikakatika kwa miezi mitatu apelekwe kwa daktari. Huenda chakula chake hakitoshelezi mazoezi anayoyafanya.

Mbona Lamine Yamal aliichezea Barcelona akiwa na miaka 15?

Ni kweli, Aprili 2023 dhidi ya Real Betis, lakini aliingizwa dakika za mwisho timu yake ikiwa inaongoza kwa mabao mengi. Walimpimia.

Nimjibu nini kocha?

Mweleze kwamba hukatai, ila unaomba majaribio ya wiki sita: afanye mazoezi na wakubwa siku moja au mbili badala ya siku zile za wenzake, wala si juu yake, na mechi aendelee kucheza na wa rika lake, ambako ndiko anakogusa mpira mara nyingi. Winga mwepesi huvumilia mabadiliko hayo kuliko beki wa kati, ambaye kazi yake ni kugongana. Kubalianeni kabisa kwamba akigongwa kichwa na kuonyesha dalili yoyote, kama kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kichefuchefu, atatoka, hatarudi uwanjani siku hiyo, na hatarejea hadi mtaalamu wa afya amruhusu. Muulize mtoto mwenyewe pia, mkiwa wawili, kwa kuwa mbele ya kocha atasema ndiyo.

Kisha nunua daftari dogo, kila jioni aandike dakika alizocheza, mahali panapouma na saa alizolala, na kila Jumapili kocha alione. Kocha asipotaka hata kulifungua, mwache mtoto na wenzake mwaka mmoja zaidi.