Kiatu cha ngozi cha kufunga kamba cha mtoto: maana yake na kilikotoka

Kiatu cha ngozi cha kufunga kamba ni kile ambacho ngozi yake ya juu imeachwa wazi katikati na kutobolewa matundu pande zote mbili, ili kamba ipite humo na kuzivuta pande hizo zikaribiane juu ya ulimi. Ndicho kiatu cheusi ambacho wazazi wa Moshi hukihangaikia kila Januari shule zinapofunguliwa, wengine madukani, wengine katika mitumba ya soko la Memorial.

Ufungaji huu ni wa kale mno. Mwaka 2008 wanaakiolojia walikuta katika pango la Areni, nchini Armenia, kiatu cha ngozi ya ng'ombe chenye kamba ya ngozi, ambacho umri wake ni takriban miaka 5,500. Hata hivyo, kwa karne nyingi kiatu kizuri kilishonwa kwa mkono na kilikuwa ghali, na hadi mwanzoni mwa karne ya 19 viatu vingi vya Ulaya na Marekani, vya wakubwa na vya watoto, havikutofautisha mguu wa kulia na wa kushoto. Mashine ndizo zilizopunguza ughali huo: mwaka 1858 Lyman Blake wa Marekani alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mashine ya kushona soli, na mwaka 1883 Jan Matzeliger, mzaliwa wa Suriname, akapata hataza ya mashine ya kuvuta ngozi juu ya kalibu (umbo la mguu linalotumika kuundia kiatu), kazi ambayo hapo awali ilimtegemea fundi stadi. Bei ikashuka, na mtoto wa mfanyakazi wa kawaida akaweza kununuliwa kiatu.

Anayenunua atazame mahali ngozi za pembeni zilipounganishwa na ngozi ya mbele. Zikiwa zimeshonwa kwa juu, kiatu hufunguka kwa upana na mguu mnene huingia bila taabu. Zikiwa zimeshonwa kwa chini, mdomo wake ni mwembamba. Kwa mtoto, ambaye mguu wake unakua, aina ya kwanza ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa kamba hulegezwa kidogo kidogo mguu unavyonenepa, ingawa urefu ukishaisha hakuna kamba itakayosaidia. Faida hiyo hupotea pia mtoto anapozoea kukanyaga kisigino na kusukuma mguu bila kufungua kamba, maana ngozi ya nyuma huvunjika na kiatu huanza kupwaya.