Je, wajua kwa nini alfalfa hukatwa miaka mingi bila kuwekewa yurea, mbolea ya naitrojeni?

Alfalfa ni mmea wa malisho wa jamii ya kunde. Shamba lake lililotunzwa vizuri hukatwa kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa miaka mitatu au zaidi, bila kupandwa upya. Kila unapokata unaondoka na malisho yenye protini tele, na protini haitengenezeki bila naitrojeni. Inatoka wapi?

Inatoka hewani. Chimba mche mmoja taratibu, usiung'oe kwa nguvu maana vijizizi vitakatika, kisha uoshe udongo. Utaona vinundu vidogo vimeshikamana na mizizi. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, kiko kazini: rangi hiyo ni ya protini inayofanana na ile ya damu yetu, nayo huzuia oksijeni isizidi. Ndani humo wanaishi bakteria waitwao Sinorhizobium meliloti. Wao huigeuza naitrojeni ya hewa iwe chakula cha mmea, na mmea huwapa sukari. Mahali pazuri, hekta moja hupata kwa njia hii zaidi ya kilo 150 za naitrojeni kwa mwaka.

Bakteria hawa hawapo katika kila udongo, ndiyo maana mbegu huchanganywa nao kabla ya kusia. Udongo wenye asidi huwadhoofisha. pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 6, tangulia na chokaa. Maji yanayotuama nayo huozesha mizizi.

Hapa ndipo wengi hukosea: hudhani kwamba kwa kuwa alfalfa inajitafutia naitrojeni, basi udongo unarutubika tu hata majani yote yakiondolewa. Sivyo. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo imo kwenye majani na mashina unayowapa mifugo, na pamoja nayo huondoka fosforasi na potasiamu nyingi, ambazo hewa haina. Rudisha samadi shambani, la sivyo utakuwa unalihamisha shamba lako kidogokidogo.

Ukitaka iwe mbolea ya kijani, ilimie chini inapoanza kutoa maua, mashina yakiwa bado laini. Huoza haraka, kwa hiyo usichelewe kupanda zao linalofuata, lisije likakuta naitrojeni imeshachukuliwa na mvua. Mahindi au ngano hufaidika sana. Usirudishe alfalfa papo hapo, kwani mimea iliyozeeka huacha kwenye udongo kemikali zinazodumaza miche ya aina yake yenyewe. Panda zao lingine kwanza, walau msimu mmoja.

Kwa ng'ombe pia kuna tahadhari. Akiingizwa kwenye alfalfa mbichi akiwa na njaa, povu hujaa tumboni na gesi ikakosa pa kutokea; anaweza kufa baada ya saa chache. Mpe nyasi kavu kwanza, au nyausha alfalfa kabla ya kumlisha.